Gari inachemka? Kabla ununue spea niambie kwanza inachemkia wapi

Mtu akileta gari inayochemka hapa gereji yetu Nakuru, kabla nifungue boneti mimi huuliza swali moja tu, inachemkia wapi? Ni kwa jamu pale mjini, ni ukipanda mlima wa Salgaa kuelekea Mau Summit, ama ni dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi? Wengine wanaona kama nawapotezea muda, wanataka nishike spana waone kazi imeanza, lakini jibu la hilo swali ndio nusu ya kazi na halikugharimu hata shilingi. Mtu akikosa kuuliza hilo swali ndio unaona gari inabadilishwa wota pampu, kesho themostati, kesho kutwa rejeta, na bado inachemka, na mwenyewe ameshakopa.

Lakini kabla ya hayo yote, kama unasoma hii ukiwa kando ya barabara na sindano imepanda, sikiza. Zima AC. Washa hita, weka moto mwisho na feni ya ndani mwisho, fungua madirisha, hiyo inavuta joto kutoka kwa injini inaleta ndani, utatoka jasho lakini inaweza kukufikisha mahali salama pa kusimama. Sindano isiposhuka simama uzime, usijiambie utafika tu Kericho ni hapo mbele. Na tafadhali USIFUNGUE kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Hayo maji ndani yamefinywa na presha, yamepita joto ya kuchemka, ukitoa kifuniko tu yanageuka mvuke papo hapo yanakurukia uso na kifua. Ngoja nusu saa ama zaidi, shika hosi ya juu kwa kitambaa, ikiwa bado ngumu ngoja tena. Ikipoa ndio uongeze maji, pole pole. Kumwaga maji baridi ya jerikeni kwa injini inayotoa moshi ni kupasua silinda hedi, hiyo ni aluminiamu na haipendi kushtuliwa.

Kitu ingine watu hawajui ni kwamba sindano ya dashibodi haikuambii ukweli wote. Kwa magari mengi ya siku hizi imetengenezwa ikae katikati hata joto ikipanda na kushuka, kwa hivyo ikianza kusonga juu tayari umechelewa. Vitz na Passo nyingi hazina hata sindano, ziko na taa tu, bluu ikiwa baridi na nyekundu mambo yakiharibika. Na maji yakiisha kabisa ile sensa inabaki kwa hewa, inaweza hata kusoma chini, dereva anafikiria imepoa kumbe injini inaungua. Ndio maana mimi napenda ile skana ndogo ya kuunganisha na simu, hukuonyesha digrii zenyewe. Toyota ndogo ikiwa sawa utaona inacheza kati ya 85 na 95 hivi, feni inawaka, inashuka, inapanda tena. Ukiona 105 na bado inapanda, simama.

Sasa turudi kwa swali. Kama inachemka kwa jamu, lakini ukitoka ukishika kasi inapoa yenyewe, mtu wa kwanza kumshuku ni feni. Kwa kasi upepo wa barabara unafanya kazi ya feni, kwa jamu hakuna upepo. Jaribio ni rahisi, washa injini, washa AC, kwa magari mengi feni ya mbele inafaa izunguke. Isipozunguka angalia fyuzi, kisha rilei, kisha chomoa soketi ya feni uipe moto moja kwa moja kutoka kwa betri. Ikizunguka hapo mota ni nzima na shida iko kwa waya ama sensa, usinunue feni. Pia nimekuta feni imefungwa waya kinyume, inazunguka vizuri sana lakini inasukuma upepo mbele badala ya kuvuta nyuma, weka karatasi mbele ya rejeta uone kama inavutwa. Kwa Hiace za dizeli na pikapu ambazo feni inazungushwa na injini yenyewe, zima injini ikiwa moto (na uzime kabisa, mkono usiingie hapo ikiwa inanguruma) halafu ujaribu kuzungusha feni kwa mkono, ikizunguka laini bila kukataa ile klachi ya feni imechoka.

Kama kwa jamu iko sawa lakini mlimani ndio inachemka, hiyo ni hadithi ingine na hapa kwetu ndio naiona sana. Mlimani injini inatoa joto nyingi na rejeta lazima iitupe yote. Shida inaweza kuwa maji hayazunguki ya kutosha, ama yanazunguka lakini rejeta imeziba, ama presha haishiki.

Hii ya presha wacha nieleze vizuri kwa sababu sisi watu wa huku juu inatuhusu kuliko mtu wa Mombasa. Maji hapa Nakuru hayangoji digrii 100. Tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, sufuria ya chai inachemka kwa digrii kama 94. Kisumu wako chini kidogo, mita 1,130 hivi, kwao ni kama 96. Ukifika Timboroa umepita mita 2,700 na maji yanachemka karibu digrii 91. Sasa fikiria, injini yenyewe inataka kufanya kazi kwa digrii 90 na kitu, na hapo ndipo maji yanachemka! Kinachookoa ni kifuniko cha rejeta. Kina springi ndani, kimeandikwa 0.9 ama 1.1 hapo juu, hizo ni baa za presha, na kikiwa kizima hicho cha 0.9 hata pale Timboroa maji matupu hayawezi kuchemka mpaka yapite digrii 110. Raba yake ikikatika ama springi ikichoka, umebaki na ile 91 yako. Ndio maana gari inaweza kuzunguka Kisumu mwezi mzima bila neno, halafu ukiipeleka Kericho inakutapikia maji kwa riziva (lile tangi dogo la akiba kando ya rejeta) kabla hujaona majani chai vizuri. Kifuniko ni moja ya spea za bei ya chini kwa mfumo wote na ndio watu wanabadilisha mwisho, inaniuma kweli. Ila usiweke cha 1.1 mahali pa 0.9 ukidhani umeongeza nguvu, utapasua tangi za plastiki za rejeta. Na ukikuta hosi ya juu imejikunja imebonyea asubuhi ikiwa baridi, valvu ndogo ya katikati ya kifuniko haifunguki kurudisha maji kutoka riziva.

Rejeta kuziba kuko kwa aina mbili. Ndani inaziba kwa kutu na chumvi. Mtu akiweka maji ya borehole miaka na miaka, ule ukoko mweupe anaouona kwa birika ndio unajijenga ndani ya mirija, na mirija yenyewe ni myembamba. Zile poda za kuziba kuvuja pia zinamaliza rejeta, zinaziba tundu moja na mirija kadhaa pamoja na hita. Kipima joto cha kupiga mwanga kinaonyesha haraka, pitisha juu ya rejeta yote injini ikiwa moto na feni imezima, ukipata sehemu za baridi katikati ya moto hapo hapapitishi maji. Ya shaba inaweza kufunguliwa isafishwe mirija kwa waya, hizi za aluminiamu na plastiki mara nyingi nakushauri ununue ingine.

Nje nako watu hawaangaliagi kabisa. Kuna mzee mmoja wa Molo hubeba viazi na Probox, alikuja amekata tamaa. Alikuwa amewekewa wota pampu mpya mahali pengine, themostati ikatolewa, na sasa alikuwa ameambiwa gasketi (ile ya kuziba kati ya silinda hedi na bloku ya injini) imeenda na atafute injini ingine. Nikamuuliza, "Mzee, inachemkia wapi?" Akasema, "Fundi, ni mlimani tu nikiwa na mzigo, nikishuka inapoa." Rejeta yenyewe kwa nje ilionekana safi, lakini nilipolegeza ile ya AC iliyo mbele yake nikakuta katikati ya hizo mbili kumejaa matope yaliyokauka, nyasi na manyoya, huwezi pitisha hata mwanga wa tochi. Tulisafisha kwa maji ya presha ya chini kutoka upande wa injini kuja nje (ile mashini ya kosha gari ukiileta karibu inakunja mapezi yote), tukaweka kifuniko kipya na kurudisha themostati. Akapanda na mzigo. Mzee alikuwa karibu kununua injini kwa sababu ya matope!

Na hiyo ya kutoa themostati nataka tuiongelee, kwa sababu huku imekuwa kama dawa ya kila kitu. "Toa hiyo kitu, huku kwetu ni joto haina kazi." Si kweli. Kazi yake ni kufunga maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto, halafu kufungua. Ukiitoa injini inakaa baridi, kompyuta inafikiria bado imeamka sasa hivi inaongeza mafuta, unalalamika gari inakunywa petroli, oili nayo haipati joto ya kukausha unyevu inakuwa matope, na ringi zinalika. Mbaya zaidi, kuna injini ambazo themostati ikifungua njia ya rejeta inafunga njia fupi ya maji kurudi kwa injini. Ukiitoa, ile njia fupi inabaki wazi kila wakati, sehemu ya maji moto inazunguka ndani bila kupita rejeta, kwa hivyo mlimani ndio itachemka vizuri zaidi. Yaani umetoa kitu ya kupoza ukitafuta kupoza.

Kuijaribu ni kazi ya jikoni. Iweke kwa sufuria ya maji na kipima joto, ifunge na uzi isiguse chini, chemsha. Iliyoandikwa 82 inafaa ianze kufunguka hapo karibu na 82. Lakini angalia, ukifanya hii Nakuru maji yako yataishia 94, na themostati nyingi hufunguka kabisa karibu na 95 ama juu, kwa hivyo usiitupe eti haijafunguka mwisho. Ile ya 88 ndio itakudanganya zaidi. Wewe tazama inaanza kufunguka kwa namba yake, na ikipoa inafunga kabisa.

Wota pampu sitakaa sana. Angalia belti kwanza, kwa magari mengi ikikatika taa ya betri itawaka pia. Kisha angalia kitundu kidogo chini ya pampu, ukiona alama ya kulanti (ile dawa ya rangi ya kuchanganya na maji ya rejeta) iliyokauka sili imeenda. Maji matupu pia yanakula yale mapanga ya ndani mpaka pampu inazunguka bila kusukuma kitu.

Ile ya tatu ndio ya kuogopa, gari inawashwa asubuhi baridi kabisa na ndani ya dakika moja mbili hosi ya juu imekuwa ngumu. Joto bado haijafika, sasa hiyo presha imetoka wapi? Imetoka kwa silinda, gesi inapita kwa gasketi inaingia kwa maji. Ukiwasha bila kifuniko utaona mapovu hayaishi. Dalili zingine ni moshi mweupe wenye harufu tamu, plagi moja safi kuliko wenzake, ama oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa, lakini hizo si lazima zote ziwe. Cha kuthibitisha ni ile kemikali ya bluu ya kupima juu ya rejeta, ikivuta gesi ya ekzosti inageuka njano. Dai upimiwe hivyo kabla ya mtu yeyote kufungua hedi. Wenye Subaru za injini ya EJ25 nyinyi hii dalili msiipuuze hata siku moja.

Na hedi ikifunguliwa isirudishwe bila kupimwa kama imepinda. Unaweka rula ya chuma iliyonyooka na filageji (vile vibamba vyembamba vya kupima mwanya), kwa Toyota hizi ndogo mwanya unaokubalika ni 0.05 mm, nywele yako ni nene kuliko hapo. Ikizidi inaenda kuskimiwa, yaani kusawazishwa kwa mashini. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena tu. Nati za hedi zifungwe kwa torki na kwa mpangilio wa kitabu, si kwa nguvu ya bega.

Ukimaliza kurekebisha chochote, kazi ya mwisho ni kutoa hewa, na hapa magari mengi yanarudishwa gereji bure. Inua pua ya gari kidogo, fungua hita mwisho, jaza kulanti pole pole, washa bila kifuniko ukifinya hosi ya juu mpaka mapovu yaishe na feni iwake izime angalau mara mbili, halafu ongeza na ufunge. Hita ikitoa hewa baridi na injini ni moto, bado kuna hewa ndani. Kulanti iwe nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi (distilled) kama si ile iliyochanganywa tayari, na usichanganye aina mbili kwa kuangalia rangi, kila kampuni ina rangi zake. Halafu ipeleke mpaka Salgaa na mzigo kiasi ukiwa na skana mbele yako, na kesho yake asubuhi ikiwa baridi kabisa fungua kifuniko uangalie maji. Yakiwa yameshuka kidogo jaza, hiyo ni hewa iliyokuwa imebaki. Yakishuka tena siku ya pili rudi kwa fundi, kuna mahali bado panavuja.