Msafara wa mazishi unaovutwa na farasi: yanayosemwa na yalivyo

Wengi waliotazama mazishi ya Malkia Elizabeth wa Pili kwenye runinga hushikilia kwamba jeneza lake lilivutwa na farasi. Siku ya mazishi yenyewe, tarehe 19 Septemba 2022, lilivutwa kwa kamba na wanamaji 142. Farasi walikuwa wamelivuta siku tano kabla, lilipotolewa kasri ya Buckingham kupelekwa Westminster Hall. Desturi ya wanamaji ilizaliwa na mkasa. Februari 1901, mwili wa Malkia Victoria ulipofika Windsor, farasi walikuwa wamesimama kwenye baridi muda mrefu. Walipoanza kuvuta, vifaa vilivyowafunga kwenye gari la mzinga vilikatika, na wanamaji waliokuwa hapo kwenye gwaride wakashika kamba.

Ndiyo maana watu husema farasi kwenye mazishi ni mambo ya wafalme. Ukweli ni kwamba Uingereza ya leo farasi hao huwasindikiza zaidi raia wa kawaida, hasa mashariki mwa London, kwenye mitaa ya wachuuzi wa sokoni na ya familia zilizofanya kazi bandarini. Enzi za Victoria, maskini wa mitaa hiyo walichanga senti kila wiki kwenye vyama vya mazishi ili wasije wakazikwa na parokia kama watu wasio na wenyewe. Aliyewahi kuwa kwenye chama cha kufa na kuzikana hahitaji kufafanuliwa uchungu huo. Magari ya injini yaliwaondoa farasi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha miongo ya mwisho ya karne ya 20 familia zikaanza kuwataka tena. Machi 1995 jambazi Ronnie Kray alipelekwa makaburini na farasi sita weusi wenye manyoya vichwani, na picha zile zikawafanya wengine waamini kwamba huo ni msafara wa wahalifu. Hao wanawakosea wafiwa wengi waliomwagia mama au babu yao heshima ya mwisho kwa akiba yao wenyewe.

Dhana yenye hatari zaidi ni kwamba msafara wa mazishi una haki ya kupita taa nyekundu. Kwenye majimbo kadhaa ya Marekani, kama Illinois na Florida, sheria kweli huupa msafara kipaumbele. Uingereza hakuna sheria kama hiyo. Mwendeshaji wa gari la farasi husimama kwenye taa kama dereva wa basi, na barabara kuu zilizotengwa kwa magari ya mwendo kasi haruhusiwi kuzikanyaga. Wenye magari nao wana wajibu wao. Tangu Januari 2022 kanuni za barabarani za nchi hiyo zinawataka wampite farasi kwa mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, yaani kama kilomita 16, na kumwachia nafasi ya angalau mita 2. Kupiga honi au kuungurumisha injini nyuma yake ni kuhatarisha maisha ya watu na ya mnyama. Mimi naona hata pasingekuwa na kanuni, aliyekaa nyuma ya jeneza la mtu angepaswa kutulia.

Lawama kwamba misafara hii huleta foleni barabarani hutiwa chumvi. Farasi na gari lao huletwa kwa lori hadi karibu na nyumba ya marehemu, njia ikiwa imeshachaguliwa. Farasi hutembea kilomita 6 hivi kwa saa, na akienda mchapuko mwendo huo huongezeka maradufu. Kama makaburi yako mbali, huweza kuvuta kipande kimoja tu cha safari, kingine kikafanywa na gari la injini.

Kuhusu rangi, wapo wanaodhani farasi weupe ni wa mazishi ya watoto; si ya watoto peke yao. Familia huchagua.

Wapo wanaosema barabara ya leo ni mateso kwa farasi. Wengi wa farasi hawa ni Friesian, aina yenye asili ya Friesland huko Uholanzi, nao huzoeshwa pikipiki, malori na ving'ora kabla ya kukabidhiwa jeneza. Vizibo pembeni mwa macho haviwapofushi. Huwazuia kuona vinavyosogea nyuma yao, maana farasi huona karibu pande zote. Hata hivyo hofu ya wanaowatetea wanyama siipuuzi, ila naona inatazama mahali pasipo. Kwenye makaburi ya kijeshi ya Arlington, Marekani, farasi sita huvuta jeneza, watatu wa kushoto tu ndio wakipandwa, kwa desturi iliyotoka kwenye vikosi vya mizinga. Februari 2022 farasi wawili wa kikosi kinachofanya kazi hiyo walikufa. Barabara haikuwa chanzo: uchunguzi wa jeshi lenyewe ulifichua malisho mabovu na matunzo duni zizini. Mwaka 2023 huduma ilisimamishwa, na ilirejea Juni 2025 kwa idadi ndogo ya mazishi, baada ya farasi wapya kutafutwa na namna ya kuwatunza kubadilishwa.