Je, wajua kwa nini ubunifu wa bidhaa mpya hufunzwa vyema zaidi katika timu ya fani mbalimbali?

Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi bidhaa mpya inavyobuniwa hudhani kwamba akiwa hodari katika uhandisi, mengine yatajipanga yenyewe. Kazi yenyewe huonyesha vingine, na mfano wa kiti mwendo unatufaa sana sisi tunaoishi Arusha na Moshi, kwa sababu sehemu ya historia yake imepita Tanzania.

Mwaka 2005 Amos Winter, wakati huo mwanafunzi wa uhandisi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza hali ya watu wanaotumia viti mwendo. Tatizo lilikuwa wazi: kiti cha kawaida humchosha mtumiaji katika barabara za vumbi na mawe, na baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ingawa hufika mbali, ni kubwa mno kuingia ndani ya nyumba. Baadaye yeye na wenzake walibuni kiti kinachosukumwa kwa nyenzo mbili, yaani fimbo mbili za kusukuma kwa mikono, ambapo mtumiaji akishika juu ya nyenzo hupata nguvu ya kupanda mlima na akishika chini hupata mwendo wa kasi, huku sehemu zinazosogea zikiwa vipuri vya baiskeli ili fundi wa kijijini aweze kuvitengeneza. Kihesabu, wazo lilikuwa zuri. Hata hivyo, toleo lililojaribiwa Afrika Mashariki mwaka 2009 lilionekana na watumiaji kuwa zito, pana na gumu kutumia ndani ya nyumba, na matoleo yaliyofuata yakapunguzwa uzito na upana.

Kilichopungua katika toleo lile la kwanza si ujuzi wa hesabu. Kila fani huja na maswali yake, na maswali hayo hayapatikani kwa kusoma fani moja kwa bidii zaidi. Mhandisi hukokotoa nguvu ya mkono. Mtaalamu wa tiba ya viungo huuliza ngozi itastahimili mgandamizo kwa muda gani, kwa kuwa mtu aliyeumia uti wa mgongo anaweza kupata kidonda kwa kukaa bila kuhisi maumivu yoyote. Fundi baiskeli huuliza bearingi ya aina hiyo inauzwa duka gani. Mhasibu huuliza nani atalipa, maana mara nyingi anayenunua kiti mwendo ni shirika au hospitali, wala si yule atakayekikalia. Mtumiaji mwenyewe huuliza kama kitapita katika mlango wa chumba chake.

Maswali haya yana thamani kubwa yanapoulizwa mapema. Mchoro hubadilishwa kwa kifutio, lakini vyuma vikishakatwa na vipuri vikishaagizwa, badiliko lile lile hugharimu fedha na miezi ya kazi.

Bahati yetu ni kwamba watu wa fani hizi hawako mbali. Chuo cha Ufundi na Chuo cha Uhasibu viko katika jiji moja la Arusha, taasisi za TEMDO na CAMARTEC hubuni mitambo hapo hapo, na mafundi sanifu wa viungo bandia husomeshwa katika chuo cha TATCOT, Moshi, jirani na hospitali ya KCMC. Kwa maoni yangu, kuwaacha vijana hawa wahitimu bila kuketi meza moja hata kwa muhula mmoja ni hasara kubwa.

Kuketi pamoja, hata hivyo, hakutoshi. Mwanafunzi aliyezoea kumwamkia mkubwa wake kwa shikamoo haoni wepesi wa kumwambia kwamba mchoro wake una kasoro, na fundi asiye na cheti hunyamaza mbele ya mwenye shahada, ingawa ndiye anayejua chuma kitakatikia wapi. Hapa ndipo sampuli ya majaribio inaposaidia, hata ikiwa ya mbao na mpira wa zamani. Ikishawekwa katikati, wote hukitazama na kukigusa kitu kimoja, na anayesema “hapa pananibana” huwa anaeleza jambo ambalo kila aliyepo anaweza kulipima kwa futi, bila mtu kuonekana amemvunjia mwenzake heshima. Kwa sababu hiyo mtumiaji apewe nafasi ya kusema kwanza, kabla wataalamu hawajaanza kutetea kazi zao.

Mwalimu anayesimamia timu ya namna hii hukabiliwa na ugumu wa kutoa alama, kwani bidhaa iliyokamilika haionyeshi nani alijifunza nini. Njia inayofaa ni kuitaka timu iandike kila uamuzi uliobadilishwa, swali lililosababisha badiliko hilo, na fani ya aliyeliuliza. Daftari likijaa maswali ya wahandisi peke yao, mwalimu atajua kwamba wengine walikuwepo kwenye orodha ya mahudhurio tu, na bado ana muda wa kurekebisha hali hiyo kabla muhula haujaisha.