Je, wajua? Kihoro huugeuza moyo mtungi wa pweza

Aliyewahi kukaa matangani Mombasa ameliona hili. Jeneza limeshatoka, wanaume wako njiani kwenda Kikowani kuzika. Ndani, mamake marehemu ghafla anashika kifua. Jasho linamtoka, pumzi hazimtoshi. Mmoja anampepea kwa ncha ya leso, mwingine anakimbilia maji, na bibi mmoja mkubwa anasema: "Mwacheni apumue, ni kihoro hicho."

Tumezoea kusema fulani kafa kwa kihoro kama msemo tu. Kumbe bibi yule alikuwa akitaja ugonjwa.

Habari ya kifo ikimfikia mtu, ubongo huipokea kama ungempokea chui mlangoni. Amri hushuka hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo mfano wa kofia, nazo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, mishipa hubana, presha hupanda, ini huachia sukari iingie damuni. Ungekuwa unakimbia, vyote hivyo vingekufaa. Lakini wewe umekaa mkekani.

Mwaka 1990, madaktari wa Japani waliandika juu ya wagonjwa waliofika na dalili zote za mshtuko wa moyo, ilhali mishipa ya moyo haikuwa imeziba. Chumba cha chini kushoto, kile kinachosukuma damu mwili mzima, kilikuwa kimetutumka chini na kubana juu. Wakauita takotsubo, jina la mtungi ambao wavuvi wao hutegea pweza: tumbo la mviringo, shingo nyembamba. (Huku kwetu pweza hufuatwa miambani maji yakipwa, akachokolewa pangoni mwake. Mjapani yeye humpelekea pango.) Inaaminika kwamba ni yale mafuriko ya adrenalini yanayoupiga ganzi msuli wa moyo. Tisa katika kila wagonjwa kumi ni wanawake, wengi wao waliokwisha koma hedhi. Na si msiba peke yake: ajali, ugomvi mkali, hata furaha ya ghafla imewahi kuuleta.

Wanaume wasifurahi. Uingereza, watafiti waliwafuatilia wajane wa kiume 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, na mwaka 1969 wakatoa matokeo. Katika miezi sita ya kwanza baada ya kufiwa na wake zao walikufa 213, asilimia 40 zaidi ya ilivyotarajiwa kwa wanaume wa umri wao wenye wake. Vifo vilivyozidi zaidi vilikuwa vya maradhi ya moyo. Huwa nawaza jambo hili nikiona desturi zetu: mke akifiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi, watu wakiingia na kutoka kumtazama. Mume akifiwa, khitma ikisomwa tu, kesho yake yuko dukani na hakuna anayemuuliza kama amelala.

Mawazo ya muda mrefu yana njia yao nyingine, ya polepole. Tezi zilezile hutoa kotisoli, ambayo kwa siku chache ni msaada, lakini ikikaa juu miezi na miezi hudhoofisha kinga ya mwili. Mwaka 1995, katika jimbo la Ohio, Marekani, wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa waliopotewa na kumbukumbu walitobolewa kidonda cha milimita tatu na nusu mkononi. Wengine 13 wasio na mgonjwa nyumbani wakatobolewa vivyo hivyo. Vya hao wa pili vilipona kwa wastani wa siku 39. Vya wauguzaji vilichukua karibu siku 49. Kidonda kilekile, karibu siku kumi zaidi.

Sasa turudi kwa yule mama mkekani. Bibi huenda amesema kweli, ila kwa macho hawezi kujua. Kihoro na mshipa ulioziba huuma namna moja, na hata kipimo cha umeme wa moyo huweza kuonyesha sura ileile. Anayekata shauri ni daktari aliyeitazama mishipa yenyewe kwa picha, kwa hiyo leso na maji viishie kwenye gari la kwenda hospitali. Ikiwa kweli ni takotsubo, wachache hufa, lakini wengi moyo hurudia umbo lake baada ya wiki kadhaa.