Viza ya wastaafu ya Thailand haikusubiri ukiondoka

Wastaafu wanaoishi Thailand wamezoea kuambiana kwamba ukishapata viza ya wastaafu ya mwaka mmoja, unaweza kwenda kwenu kusalimia ndugu na kurudi utakavyo, mradi mwaka haujaisha. Mara nyingi si kweli, na imani hii imewasumbua wazee wengi.

Mhuri ule wa mwaka ni ruhusa ya kukaa nchini. Ukivuka mpaka bila kibali cha kuingia tena, ruhusa inakufa palepale, hata kama imebaki miezi kumi. Ukirudi utapokewa kama mtalii, kisha uanze upya: uwe umetimiza miaka 50, uonyeshe baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Fedha za benki nazo lazima ziwe zimekaa kwenye akaunti kwa muda uliowekwa, kwa hiyo huwezi kuazima leo ukaomba kesho.

Kinga yake ni rahisi mno, ndiyo maana inauma mtu akiikosa. Kibali cha safari moja ni baht 1,000, cha safari nyingi baht 3,800. Kiombe Uhamiaji kabla ya siku ya safari. Usitegemee uwanja wa ndege. Ukikipata, soma tarehe: kibali hakirefushi mwaka wako. Mhuri ukiisha Machi nawe uko nje, kibali kimeisha nao siku hiyohiyo.