Je, wajua kwa nini gari kuukuu hapa Malindi inamisi alfajiri, yaani silinda moja inakosa kuwaka, ikifika saa tano imetulia yaenda sawa?

Mwenye Toyota 100 au Nissan ya zamani hapa mjini hii anaijua. Alfajiri waiwasha inatetemeka, silensa yapiga pu pu pu, ukishika barabara ya Sabaki wakanyaga mafuta na gari haitaki kwenda, halafu jua likishapanda gari ile ile yaenda tu mbona, hata mwenyewe unaona haya kuipeleka kwa fundi. Wengi watakwambia petroli ina maji. Yaweza kuwa, lakini maji ya kwenye tangi hayangoji saa tano ndio yaondoke.

Angalia moto kwanza, yaani ile cheche ya plagi inayowasha petroli. Gari nyingi za miaka ya 90 zina distributa. Koili inachukua volti 12 za betri inazipandisha mpaka 20,000 na zaidi, kisha distributa inagawia plagi moja moja kwa zamu, kwa injini ya 5A ya Toyota zamu ya silinda ni 1-3-4-2. Umeme mkali namna hiyo ukipata njia rahisi ya kwenda bodini hauendi kwenye plagi, basi. Na sisi hapa kusi ikivuma yatoka baharini, kaskazi nayo vilevile, zote zaja na chumvi inayolala juu ya kofia ya distributa na juu ya waya za plagi pamoja na vumbi letu. Chumvi ikiwa kavu haina neno. Shida ni kwamba unyevu wa hewani ukipita kama asilimia 75 chumvi inaanza kunywa maji hewani yenyewe, inalowa hata kama hakujanya tone, na maji ya chumvi yapitisha umeme vizuri mno. Kwa hivyo alfajiri moto unateleza juu ya kofia, plagi haipati kitu, silinda inameza petroli na kuitema nje mbichi. Ndio kumisi kwenyewe huko. Injini ikipata joto na hewa ikikauka, moto unarudi njia yake.

Kuhakikisha ni rahisi sana na hakuna gharama: usiku, mahali penye giza, fungua boneti injini ikiwa inanguruma, ukiona vicheche vya buluu vinarukaruka kwenye waya au kofia umeshampata mwizi. Ukitaka nyunyiza maji kidogo ya umande umande, lakini mkono usiguse kitu, hizo volti si za mchezo. Kofia ukiifungua ukikuta ndani kuna mstari mwembamba mweusi, huo ni mkaa uliochorwa na umeme, kupangusa hakusaidii tena, nunua ingine na roto yake, kile kinachozunguka ndani ya distributa.

Kuna wanaouliza mbona ikisimama inanguruma sawa ila ukiipandisha Marafa na abiria ndio inakohoa. Ukikanyaga, hewa nyingi inaingia silindani na mgandamizo unakuwa mkubwa, na cheche kuruka kwenye mgandamizo mkubwa inataka volti nyingi zaidi. Waya uliochoka au plagi iliyolika ikapanua mwanya wake inaweza kazi ndogo, kubwa inashindwa.

Sasa hapa ndipo mafundi wengine wananiudhi, gari imemisi kidogo tu ashakuandikia plagi, pampu, koili, zote kwa pamoja. Si utafute kwanza silinda gani imekufa? Zima, chomoa waya wa plagi moja uubane bodini cheche ipate pa kwenda, washa usikilize, rudia zote. Ukichomoa sauti ikaharibika zaidi, silinda hiyo ilikuwa mzima. Ukichomoa na hakuna tofauti, ndio hiyo hiyo. Usiiache ikinguruma hivyo muda mrefu, petroli mbichi inaunguza katalaiza, kile kisafisha moshi kwenye bomba la silensa. Kisha plagi ya hapo ibadilishane na ya jirani, ugonjwa ukihama pamoja na plagi ni plagi, usipohama fanya vivyo hivyo na waya. Vyote umevibadilisha na silinda ni ile ile imekufa? Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda. Injini nzima ya petroli mara nyingi hutoa psi 150 kwenda juu, ikiwa moja iko chini sana kuliko wenzake tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi.

Na kama haimisi ila haina nguvu tu, hayo ni mengine: filta ya petroli iliyoziba, ea klina iliyojaa vumbi la njia ya Marafa, katalaiza iliyoziba. Au klachi, hii watu wanaisahau kabisa, injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki, wakati huo hata ubadilishe plagi zote za Malindi gari haitasogea.