Je, wajua kwa nini kioo cha laptopu kisicho na hitilafu hujaa mistari mara Linux inapowaka?

Nembo ya kampuni inatokea safi. Menyu ya BIOS, programu inayoamsha mashine kabla ya Linux, inasomeka vizuri. Kisha Linux inaanza kuwaka, na hapo hapo kioo kinajaa mistari, kinachezacheza, au kinakuwa cheusi kabisa huku taa ya diski ikiendelea kumeta. Mafundi wengi wakioneshwa hali hiyo husema kioo kimekufa, au waya wake umelegea, au chipu ya picha imeungua. Mara nyingine wanapatia. Ila kioo kilichokufa hakingoji Linux iwake. Kingeharibu hata ile nembo. Hitilafu inayoanza baada ya kerneli, yaani kiini cha Linux, kushika usukani ina mshukiwa mwingine: IOMMU, sehemu ya mashine inayosimamia jinsi vifaa vinavyoifikia RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Intel huiita VT-d, AMD huiita AMD-Vi, na kwenye chipu nyingi za ARM jina lake ni SMMU.

Kinachofanya mshukiwa huyu asahaulike ni dhana iliyoenea sana kuhusu picha yenyewe. Watu hudhani prosesa huchora picha, huisukuma hadi kwenye kioo, kazi ikaisha. Picha isipobadilika, basi hakuna kinachosafiri. Mambo huenda kinyume. Picha huachwa ndani ya RAM, na kitengo cha kuonyesha kilichomo kwenye chipu ya picha huifuata huko chenyewe, tena na tena, hata kama unatazama ukurasa mtupu. Kioo cha doti 1920 kwa 1080, kila doti ikichukua baiti 4, kinahitaji baiti 8,294,400 kwa picha moja. Ukizidisha kwa mara 60 kwa sekunde, unapata karibu megabaiti 498 zinazosomwa kila sekunde. Laptopu za karibuni zina mbinu za kupunguza safari hizo, kwa mfano paneli kutunza nakala ya picha isiyobadilika, lakini utaratibu ni ule ule: picha hailetwi, hufuatwa.

Na hakuna muda wa kusubiri. Mstari mmoja wa doti unapewa takriban sehemu 15 za milioni moja ya sekunde. Data isipofika ndani ya muda huo, mstari unachorwa hivyo hivyo, na takataka zake.

Sasa iweke IOMMU katikati ya safari hiyo. Fikiria ghala lenye karani na wachukuzi. Mchukuzi haendi kwenye rafu kwa kujiamulia. Anakuja na kikaratasi chenye namba ya mzigo, karani anafungua daftari, anaona namba hiyo iko rafu ipi, anampitisha. Namba isipokuwamo daftarini, mchukuzi anarudi mikono mitupu na karani anaandika kosa lake. Karani ndiye IOMMU, na wachukuzi ni vifaa. Daftari ni majedwali yanayojazwa na kerneli, ukurasa kwa ukurasa, kwa kawaida baiti 4,096 kila mmoja. Ile picha yetu hapo juu ni kurasa 2,025 kamili, na zinaweza kuwa zimetawanyika popote ndani ya RAM. Mchukuzi wa diski akirudishwa anaweza kutumwa tena. Mchukuzi wa kioo akirudishwa, kosa limeshaonekana machoni pako.

Tatizo la kwanza ni la siku ya kwanza kazini. Mchukuzi wa kioo alianza kubeba kabla karani hajaajiriwa: BIOS ndiyo iliyowasha kioo, ikaiweka nembo mahali fulani kwenye RAM, ikakionyesha kitengo mahali penyewe. Kerneli inapofika na kumweka karani mwenye daftari tupu, mchukuzi yule bado yuko mbioni na namba zake za zamani. Ndiyo maana BIOS za mashine za Intel hutakiwa kuacha orodha ya maeneo yasiyoguswa, iitwayo RMRR, ili kerneli iyaandike daftarini yalivyo. Mashine za ARM zina njia yao ya kutaja maeneo hayo. Orodha ikiwa na makosa, kerneli haina wa kumuuliza.

Tatizo la pili ndilo linalonivutia kuliko yote. Kitengo cha kuonyesha hutanguliza maombi: hakijamaliza kurasa za picha, tayari kimeshaomba zinazofuata, zikiwamo zilizo nje ya picha. Bila IOMMU, ziada hiyo husomwa na kutupwa. VT-d ikiwapo, ombi la anwani isiyoandikwa ni kosa. Dawa iliyomo kwenye i915, draiva ya Linux ya chipu za picha za Intel, ni kuianzisha picha kwenye mpaka wa kilobaiti 256, na kuhakikisha nyuma yake kuna angalau nafasi 64 zenye anwani halali kwenye GTT, jedwali la chipu ya picha yenyewe linalotangulia la IOMMU. Nafasi zisizotumika huelekezwa kwenye ukurasa wa akiba ambao haupo kwa kazi nyingine ila kusomwa bure.

La tatu ni chipu zenyewe. Kerneli ina orodha ya chipu za Intel, zikiwamo za familia ya GM45 ya 2008 na Broadwell, ambazo inazizimia IOMMU ya picha bila kukuuliza. Ironlake ya 2010 nayo inadai chipu ya picha itulie kwanza kabla kumbukumbu za IOMMU za tafsiri ya anwani hazijafutwa. Laptopu za umri huo bado zinauzwa kama mitumba Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo haya yanawahusu mafundi wa leo.

Kabla ya kununua kioo kingine, piga picha ya skrini kwa programu ya mfumo wenyewe, uifungue kwenye kompyuta nyingine. Ikiwa safi ilhali kioo kina mistari, picha ndani ya RAM ni nzima na inaharibikia njiani. Ikiwa chafu, usiiondolee IOMMU lawama bado, maana chipu huchora kwa kupitia karani yule yule. Kisha andika amri hii kwenye terminali, uone makosa ya IOMMU ambayo kerneli imeyarekodi:

sudo dmesg | grep -i dmar

Kwenye mashine ya Intel, mistari ya makosa yenye 00:02.0 ndiyo unayoitafuta. Hiyo ni anwani ya chipu ya picha ya ndani. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, bonyeza e, na mwishoni mwa mstari unaoanza na neno linux ongeza:

intel_iommu=igfx_off

Kioo kikitulia, umempata mhusika. Jaribu kwanza kerneli mpya zaidi na BIOS mpya. Zikishindikana, andika neno hilo ndani ya /etc/default/grub kisha uunde upya mipangilio ya GRUB.

Usizime IOMMU nzima kama kuna njia nyingine. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao walionyesha, katika kazi iliyoitwa Thunderclap, jinsi kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la Thunderbolt kinavyoweza kuchimba siri kutoka RAM, hata pale IOMMU inapotumika kizembe. Bila IOMMU kabisa, kifaa kama hicho hakina wa kukizuia. Neno igfx_off linaigusa IOMMU ya chipu ya picha peke yake, na vifaa vingine hubaki chini ya karani wao.