Kiunzi cha nje ni nini? Kuanzia kwa mende hadi mashine ya kutembelea

Mvua ikinyesha Nairobi wiki mbili tatu mfululizo, wale wadudu wembamba, wenye mapande meusi na mekundu, huanza kuingia nyumbani wakifuata taa. Tunawaita nairobi flai, ingawa si nzi hata kidogo. Ni jamaa ya mbawakawa. Mama alitufunza tangu tukiwa wadogo: akikutua mkononi usimpige, mpulize. Mdudu huyu hang'ati wala hana mwiba. Sumu yake, pederini, imo kwenye majimaji ya mwili wake, na mwili ukiwa mzima haikufikii. Ukimponda, inamwagika kwenye ngozi, na kesho au keshokutwa unaamka na malengelenge yanayowaka kama umerukiwa na mafuta moto.

Kile kilichopasuka ulipomponda ndicho kiunzi cha nje.

Kiunzi ni kitu kinachosimamisha umbo. Fundi wa majahazi ana kiunzi cha jahazi anachopigilia mbao, na fundi wa nyumba ya udongo ana fito na nguzo kabla ya kukandika. Sisi, ng'ombe na samaki tumefuata mpango huo: mifupa ndani, nyama juu yake. Mende, buibui, nge, jongoo, kaa na kamba wamejengwa kinyume. Ugumu uko juu, nyama iko ndani, na misuli imejishika kwenye ukuta wa ndani wa gamba na kulivuta kutokea huko. Gamba lenyewe ni nyuzi za dutu iitwayo kitini (chitin) zilizoshikanishwa na protini, na juu kabisa kuna nta nyembamba inayozuia mwili usikauke. Kaa na jongoo huongeza madini ya chokaa, ndiyo maana jongoo ukimkanyaga analia kraa. Penye viungo gamba ni laini, hivyo mguu unaweza kukunjika.

Wengi humtaja kobe hapa, lakini mimi simhesabu. Sehemu kubwa ya gamba lake ni mbavu na uti wa mgongo vilivyopanuka na kuungana. Ni mifupa yake yenyewe. Konokono ana nyumba anayoiongezea ukingoni kadiri anavyokua, ila haina viungo na haimtembezi.

Mimi hutumia swali moja kupima: uzito unashukia wapi? Koti la mvua linakukinga, helmeti ya bodaboda inakukinga, lakini havikusimamishi. Kiunzi hubeba mzigo na kuupeleka chini.

Mwaka jana mpwa wangu aliniita jikoni usiku. "Anti, kuna mende mweupe. Ni mgonjwa?" Kweli, kando ya beseni la vyombo alisimama mende mweupe kama maziwa, macho tu ndiyo meusi, na pembeni yake kulikuwa na ganda la kahawia, tupu, limepasuka mgongoni kama shati lililochanika. Hakuwa mgonjwa. Gamba gumu halitanuki, kwa hiyo mende akitaka kukua lazima alivue. Chini ya lile kuukuu hutengeneza jipya lenye mikunjo, kisha humeza hewa na kujivimbisha hadi la zamani lipasuke, naye atoke. Kwa saa chache hana kinga, na misuli yake haina mahali pagumu pa kushikilia. Baadaye gamba jipya hukauka na kurudia rangi yake. Kaa hufanya hivyo hivyo kwa kunywa maji, na siku hizo hujificha kwelikweli. Tulimtazama yule mende mpaka akaanza kuingia rangi. Nilijua ningepaswa kumuua, lakini usiku ule sikuweza.

Kujivua huku ni sababu mojawapo ya kutokuwapo mende mkubwa kama ng'ombe. Ukimkuza mnyama awe mrefu maradufu kila upande, uzito wake unakuwa mara nane, ilhali eneo la mkato wa miguu inayombeba, ukiikata uupime, ni mara nne tu. Mende huyo angeporomoka siku ya kuvua gamba. Baharini maji humbeba mnyama, na ndiko aliko kaa-buibui wa Japani, ambaye miguu yake ikinyooshwa hufika karibu mita 3.7 kutoka ncha hadi ncha.

Sasa jina hili limehamia kwa mashine anazovaa binadamu, na hapo inafaa tuwe waangalifu. Mtu akivaa kiunzi cha nje hajaacha mifupa yake. Ana viunzi viwili, kimoja ndani na kingine kando yake. Wazo ni la zamani: mwaka 1890 Mrusi Nicholas Yagn alipata hataza ya Marekani ya kifaa cha springi cha kumsaidia mtu kutembea na kukimbia. Katika miaka ya 1960 kampuni ya General Electric ilijaribu Hardiman, mashine ya kuvaa yenye uzito wa takriban kilo 680, lakini haikuwahi kutembea na mtu ndani yake ilivyokusudiwa. Zilizofuata ni nyepesi zaidi. ReWalk ilibuniwa na Amit Goffer, mhandisi wa Israeli aliyepooza baada ya ajali ya mwaka 1997, na mwaka 2014 iliruhusiwa Marekani kutumika nyumbani. Ina mota kwenye nyonga na magoti. Mvaaji huinamia mbele kidogo, kihisio kinatambua, mguu unapiga hatua. Magongo bado anayahitaji ili asianguke. HAL ya Japani husoma ishara dhaifu za umeme kwenye ngozi, zile ambazo ubongo hutuma kwa misuli.

Kuna tatizo moja ambalo mende hajawahi kuwa nalo. Kwake, kila mahali panapokunjika pana kiungo kimoja tu. Mtu ndani ya mashine ana magoti mawili kwa kila mguu, la mfupa na la chuma, na goti la mfupa halizunguki kama bawaba ya mlango. Hubingirika na kuteleza kwa wakati mmoja. Bawaba ya chuma ikikaa hata kidogo mahali pasipo pake, mikanda huvuta na kusugua ngozi kila hatua. Mimi na wewe tungesikia maumivu tukasimama. Binamu yangu hasikii chochote kuanzia kiunoni tangu ajali ya pikipiki. Yeye angegundua jioni, akiona kidonda, na kidonda kwa mtu wa kiti cha magurudumu kinaweza kumlaza hospitalini miezi.

Aliniuliza, "Nikipata hiyo mashine, nitapanda matatu?" Nilimwambia hapana. Ngazi ya matatu iko juu, kondakta ana haraka, na kando ya barabara kuna mitaro iliyo wazi. Bei nayo ni makumi ya maelfu ya dola. Naamini kwa moyo wote kwamba mteremko kwenye mlango wa kila jengo la mji huu ungemfikisha mbali zaidi kuliko mota nne, na ungemfikisha leo. Lakini alipoona video ya mtu wa hali yake akisimama, akimtazama mkewe macho kwa macho, alinyamaza kwa muda mrefu. Hilo pia nalihesabu.

Kuna aina nyingine isiyo na mota wala betri, na ndiyo inayonivutia nikipita Marikiti nikiwaona wabeba mizigo chini ya magunia. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kifaa cha springi cha kifundo cha mguu kinachopunguza nishati anayotumia mtu kutembea kwa takriban asilimia 7. Springi imeshikwa kati ya kisigino na shavu la mguu. Mguu ukiwa chini na muundi ukiinamia mbele, kishikio kinaifunga na springi inavutika. Mguu unapojisukuma kuondoka, inarudisha kile ilichopokea, na misuli ya shavu la mguu inapumzika kidogo.

Mtazame panzi kabla hajaruka. Hukunja miguu ya nyuma na kutulia, na katika utulivu ule misuli yake inapinda vipande vya gamba vilivyo kwenye goti, taratibu, kama mtu anayevuta upinde. Kisha anaviachia vyote kwa mpigo.